Maji Matamu Juu ya Maji Makali

Scola alikulia kwenye moshi wa chumvi, na mtu asikudanganye kwamba hiyo ni kazi ya kitoto. Unakwangua udongo wa chumvi kando ya chemchemi za moto za Ivuna, unaujaza kwenye chungu chenye matundu, unaumwagia maji, unangoja yachuje tone kwa tone, halafu hayo yaliyochuja unayapika mchana kutwa mpaka chumvi ibaki. Kiangazi chote ndiyo kazi hiyo. Nesta, mama yake, aliifanya akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe alikuwa Scola. Baba alifariki mapema, wakabaki wawili, chanda na pete. Scola alipochumbiwa na Ezron, alisema wazi mbele ya wazee kwamba haendi kuishi mbali na mama yake, anayetaka amuoe hivyo. Ezron alikuwa mtu mpole, akakubali.

Sasa, kila kazi ina miiko yake. Kambini kwao, msimu ukianza, chungu cha kwanza lazima kipozwe. Mwanamke mkubwa kuliko wote anachukua kata moja ya maji matamu ya kisima, anayateremsha polepole juu ya jani ili yakae juu, yasichanganyike na maji makali ya chumvi. Baada ya hapo ni marufuku mtu kutia mwiko mpaka chungu kichemke chenyewe. Wazee wa chini, waliokwisha kufa, wanywe kwanza, ndivyo walivyosema. Wachungaji walilikemea jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Wake wa wazee wa kanisa waliitikia amina, kisha wakatoka kwenda kupoza vyungu vyao. Na katika miaka ile ya tisini, mwanamke mkubwa kambini alikuwa Nesta.

Basi akaja Osea na mapipa.

Osea alikuwa mdogo wake Ezron. Tangu biashara iachiwe huru alikuwa akihangaika mpakani Tunduma, leo kauza mitumba, kesho sabuni, keshokutwa anazungumza Kibemba na Wazambia utadhani kazaliwa Nakonde. Alikuwa na maneno mengi na moyo mzuri, na Scola alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Alishuka kwenye lori na mapipa mawili ya mafuta, yamesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka yamekoma kunuka.

"Shemeji, vyungu hivi mtavipika mpaka Yesu arudi," alisema. "Watu wanataka chumvi kwa magunia, ninyi mnapeleka vibaba!"

Aliyakata mdomo tu, akayaacha na kina chake chote. La kwanza likapandishwa kwenye mafiga ya mawe makubwa, mdomo wake ukamfika mtu kifuani. Kambi nzima ikasaidiana kulijaza maji makali, yaliyochujwa mara mbili. Kisha Osea mwenyewe, naomba hili lisisahaulike, Osea mwenyewe akaenda kumwita Nesta aje kulipoza.

Nesta alifika na kata yake, akalitazama pipa, akacheka. "Mwanangu, kata moja humu itaonekana wapi?"

"Pipa kubwa, baraka kubwa, mama! Mwaga ndoo."

Nesta akamwaga ndoo. Aliiteremsha taratibu juu ya jani pana, kama alivyofundishwa na mama yake, maji matamu yakatulia juu ya maji makali bila hata kuyatikisa. Moto ukakokwa. Watu wakangoja, na pipa likakaa kimya. Juu hakuna povu, hakuna mvuke wa maana. Edina, mama yao Ezron na Osea, akatia ncha ya kidole akasema mbona vuguvugu tu. Osea akaongeza kuni, akaongeza tena, akaanza kulitukana pipa lake kwa Kibemba huku watu wanacheka. Mwisho akainama juu ya mdomo wa pipa achungulie.

Likalipuka. Maji yalipanda yote kwa pamoja na mngurumo, yakamchukua usoni na kifuani. Walimbeba kwenye trekta kumpeleka hospitali, akafia njiani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Scola.

Msiba ulianza na kilio na ukaishia kwenye minong'ono. Vyungu vimepozwa tangu enzi za mababu, lini kimelipuka hata kimoja? Nani alimwaga yale maji? Na kwa nini safari hii ndoo nzima? Halafu macho ya Nesta, jamani, mmeyaona yalivyo mekundu? Ebo! Mwanamke aliyekaa miaka hamsini kwenye moshi macho yake yangekuwa meupe kwa dawa gani? Na waliosema hivyo walikuwa wapika chumvi, nao macho yao mekundu vilevile. Lakini mtu akishatafutiwa sababu, hata kikohozi chake ni ushahidi. Edina hakuwa akinong'ona. Yeye alisimama mlangoni pa Nesta akapiga kelele mchana kweupe: "Nirudishie mwanangu!"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Scola hakuwa na ubavu wa kumjibu mama mkwe wake. Ila usiku hakulala, na mchana hakula. Vijana wa sungusungu walishaanza kupitapita uwanjani kwa Nesta na marungu, wakisalimia kwa adabu mno. Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, bibi mmoja alikutwa ndani ya nyumba yake iliyoungua, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Kila mtu aliijua habari hiyo. Shadrack, mwenyekiti wa kijiji, akatangaza kwamba shauri litakatwa Jumapili baada ya ibada. Mpaka hapo asiguswe mtu. Ya baada ya hapo hakuyasema.

Scola alikimbilia kwa mtu mmoja tu. Kiangazi kile alikuwepo mtaalamu wa miamba na milima ya moto, Ayoub, aliyepanga chumba karibu na zahanati na kula chakula chake kwa Scola. Kutwa kucha alikuwa chemchemini, anakinga mapovu ya maji ya moto kwenye vichupa vya kioo na kuvifunga kwa nta. Watu walimwona punguani mpole. Siku pipa lilipolipuka, yeye na gari lake walikuwa safarini. Scola alimkuta amepiga magoti kwenye tope, akaanza kusema kabla hata ya salamu.

"Bwana Ayoub, wewe si ndiye mtu wa mambo ya kulipuka? Niambie maji yanalipukaje, mama yangu wanataka kumuua."

Ayoub alimtaka amsimulie upya toka mwanzo, jani, ndoo, kuni, na lile vuguvugu la juu. Scola alipofika kwenye marufuku ya kutia mwiko, Ayoub akaweka kichupa chini, akashika kichwa.

"Dada Scola, mimi nimefuata jambo hilohilo huku, ila langu ni kubwa kuliko pipa. Milima ya Rungwe unaijua?"

"Naijua. Nilipelekwa kule kubarikiwa."

"Ile ni volkano. Na Ngozi, lile ziwa lililoko juu mlimani, ni shimo lililobaki baada ya mlipuko wa kale. Chini ya milima ya namna ile huwa kunakuwa na chemba, ghala la mawe yaliyoyeyuka. Watu hudhani ni uji mmoja umejaa mle. Mara nyingi siyo. Umelala matabaka. Tabaka la juu limepoapoa, linanata kama ugali, lakini ukilipima kwa mizani ni jepesi. Na limebeba mvuke na gesi ndani yake, kama soda iliyofungwa. Halafu kutoka chini kabisa unapanda uji mwingine, wa moto zaidi, unaotiririka vizuri, ila kwenye mizani ni mzito. Kwa kuwa ni mzito haupandi juu ya mwenzake. Unajilaza chini yake."

"Kama maji makali chini ya maji matamu," alisema Scola.

"Ndiyo. Hapo yanakaa. Lile la chini linazunguka peke yake, linalipika lile la juu kwa chini, na huku juu ya mlima mbuzi wanakula majani, hakuna anayejua kitu. Lile la juu likishapata moto wa kutosha, gesi yake inaanza kutoka. Lile la chini nalo likitoa moto linaanza kuganda chembechembe, linatoa gesi yake, linajaa mapovu, uzito wake unapungua. Siku uzito wake na wa lile la juu unalingana, hakuna tena cha kuyatenganisha. Yanapinduka. Uji wa moto unaingia ndani ya mwenzake kwa mara moja, gesi inafumuka, na kwa sababu ule wa juu unanata, gesi haina pa kutokea polepole. Inatoka na mlima."

Scola alikuwa akilia wazi sasa. "Na pipa?"

"Maji ya chumvi kali yanahitaji moto zaidi ya maji matamu ndipo yachemke. Kwa hiyo yale ya chini yalipita moto ambao maji matamu yangekuwa mvuke zamani, na yamefunikwa, na hakuna aliyekoroga. Joto likayapunguzia uzito. Yalipopinduka, maji matamu yakageuka mvuke yote kwa pamoja. Kwenye chungu kifupi na kata moja yanachanganyika mapema, haidhuru. Ni kina cha pipa, dada. Ni kina, na ile ndoo. Mama yako hana kosa."

Alikwenda naye kwa Shadrack siku hiyohiyo, nguo zina tope. Akaeleza yote, kwa heshima, na mwenyekiti akasikiliza yote, kwa heshima vilevile.

"Mtaalamu, nimekuelewa," alisema Shadrack mwishowe. "Hakuna anayebisha kwamba maji yalipinduka. Tumeona. Sisi tunauliza, kwa nini yapinduke wakati ule Osea alipoinama, asiinamie mtu mwingine? Hilo nalo limo kwenye vichupa vyako?"

Ayoub akaaga. Njiani kurudi ndipo aliposema lile neno, na alilisema kwa nia njema kabisa. Kwao wasomi, alisema, jambo likiwa na ubishi hurudiwa. Lipo pipa la pili. Lijazwe vilevile, limwagiwe ndoo vilevile, mbele ya wote, na Nesta awe mbali asiguse hata ukuni. Likilipuka, kila mtu ataona kwamba ni maji, si mtu.

Scola alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika mzizi. Nyumbani akamweleza Ezron. Tangu amzike mdogo wake alikuwa haongei, na mama yake alikuwa haongei naye, kisa hajamfukuza mke.

"Na lisipolipuka?" aliuliza.

"Wakimchoma mama, wanichome naye."

"Usiseme hivyo, mama watoto."

"Niseme nini basi, Ezron? Nisaidie maji, au nenda kwa mama yako!"

Akamsaidia. Wengine wote waligoma, hivyo walikwangua udongo wenyewe, Scola, Ezron na Ayoub, wakachuja usiku na mchana mpaka pipa likajaa. Nesta alitaka kusaidia, wakamkatalia, mkono wake usionekane mle. Akakaa kwenye mkeka akisaga ulezi. Alimwambia binti yake neno moja tu: "Usisogee karibu, mwanangu. Lile la kwanza halikunipa nafasi ya kumwambia mtu akae mbali."

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja wote, na nguo zao za ibada. Nesta aliketishwa mbali, chini ya ukuta wa stoo ya chumvi, sungusungu wawili wamemshika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto. Shadrack akatangaza kitakachofanyika. Scola akapanda kwenye jiwe, akaweka jani, akateremsha ndoo ya maji matamu taratibu, mikono ikimtetemeka hata akaogopa ameyatikisa. Ezron akakoka moto. Ayoub akawarudisha watu nyuma, akachora mstari kwa mti, mtu asiuvuke.

Wakangoja.

Hakuna mtu aliyewahi kuombea balaa kwa bidii namna ile. Pipa lilikaa kimya. Jua likawa kali, watoto wakaanza kulalamika njaa, mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba yeye ana ng'ombe wa kunywesha. Ezron akasukuma kuni kwa mti mrefu. Scola alitazama uso wa yale maji umetulia tuli, akawaza kwamba labda ameyamwaga vibaya, labda yamechanganyika, labda chumvi haikukolea, na mama yake atakufa kwa sababu ya mkono wake kutetemeka. "Lipuka," alisema kimoyomoyo. Baadaye akagundua kwamba alikuwa anasema kwa sauti. "Lipuka. Lipuka, nakuomba. Lipuka!"

Likalipuka. Maji yalipanda juu kuliko paa la stoo, pipa likayumba, likaanguka kutoka kwenye mafiga, mvuke ukafunika moto ukauzima. Hakuna aliyeguswa hata na tone. Scola aliruka kama mtoto, analia na kucheka kwa pamoja, mikono juu.

"Mmeona! Jamani mmeona! Ni maji! Mama hakuwa hapa! Mmeona!"

Akageuka kuwatazama. Watu walikuwa wamerudi nyuma, tena mbali sana, lakini pipa lilikuwa limeangukia upande wa mashariki nao walikimbilia mashariki hukohuko, hawakuwa wakilikimbia pipa. Walikuwa wakimkimbia yeye.

"Alikuwa analiamuru," alisema Edina, polepole. "Mmemsikia. Amelisemesha, likatii."

"Siyo hivyo, mama! Nilikuwa naomba!"

"Mama mtu amemwaga, likalipuka," alisema Shadrack, naye uso umempauka. "Binti mtu amemwaga, likalipuka. Kumbe tulikuwa tunamtafuta mmoja, nao ni wawili."

"Basi mwaga wewe! Mwenyekiti, mwaga wewe mwenyewe uone! Mtu yeyote amwage!"

"Nitamwaga mimi!" Ayoub alipaza sauti, anapita mbele. "Nipeni ndoo, nitamwaga mimi!"

Amwagie nini? Pipa lilikuwa limelala ubavu limepasuka, na maji makali yote yameshanyweka ardhini. Kuchuja mengine kungechukua siku kadhaa, na marungu yalikuwa pale pale. Vijana wakaanza kusogea. Ezron akasimama mbele ya mkewe na ule mti wake wa kusukumia kuni, peke yake, na mama yake mzazi akamwita kwa jina atoke mbele ya mwanamke huyo. Hakutoka. Scola aliona kabisa kwamba watamwua Ezron kwanza.

"Mwacheni mtoto!"

Sauti ilitoka ukutani. Nesta alikuwa amesimama, na wale waliomshika mikono walikuwa wamemwachia, wamesogea kando.

"Mwacheni, yeye hajui lolote," alisema, bila haraka, kama anayepanga bei sokoni. "Ni mimi. La kwanza ni mimi na hili la leo ni mimi. Mikono mliishika. Moyo je, mliushika? Nilikuwa nimekaa hapa nalisemesha kimya kimya, na huyu maskini anadhani ni maji."

"Mama!"

"Nyamaza, Scola."

"Mama unasema nini? Mama, si kweli! Bwana Ayoub, waambie!"

Ayoub alifungua mdomo, akamtazama yule bibi, akaelewa. Alichoweza kusema ni kwamba gari lake liko tayari, na kama mwenyekiti ataridhia, atamchukua huyu mama ampeleke polisi Vwawa mwenyewe, wakajue la kumfanya. Aondoke Ivuna, asirudi tena. Shadrack aliwatazama vijana, akatazama ardhi. Damu mbele ya uongozi ina maswali yake. Akasema sawa. Lakini kwanza kijiji kijue kinabaki na nani.

Akamgeukia Scola. "Tuambie hapa mbele ya watu. Ni mama yako aliyemuua Osea? Au mlikuwa pamoja?"

Scola alimtazama mama yake. Nesta alimtazama vilevile alivyomtazama zamani alipokuwa mdogo na wageni wamekaa, jicho lile ambalo halikuwahi kuhitaji neno. Kisha akainamisha kichwa mara moja, kidogo, kama mtu anayesema haya, usinichelewashe.

"Ndiye," alisema Scola.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Nesta akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Ayoub akamfungulia mlango wa mbele. Nesta alipoketi aliuliza kama kioo kinateremka, akaambiwa kinateremka, lakini hakukiteremsha kumuaga Scola.